Jinsi ya kuhesabu watu kwenye sensa bila kumuacha mtu ndani ya nyumba uliyoshaingia

Kama unafikiria kuomba ukarani sensa ijayo, au umepata kazi yoyote ya kukusanya taarifa kaya kwa kaya, hapa naandika vitu ambavyo mi nilivijua nikiwa tayari niko juani na kishikwambi mkononi. Nilikuwa karani 2022 huku Dar, upande wa Mbagala. Ile wiki imenifanya niamini kwamba watu wengi tunaowakosa kwenye sensa hatuwakosi porini wala visiwani, tunawakosa kwenye nyumba ambayo karani ameshagonga, ameshapewa kiti, ameshauliza akajibiwa akaaga akaondoka zake.

Nina sababu ya kusema hivi. Sensa ya 2012 ilitukuta kwa bibi, karani akaja jioni, bibi akataja watu sita na sisi tulikuwa saba. Mjomba wangu, aliyepooza miguu toka utotoni, alikuwa chumba cha uani amelala. Hakuna aliyesema uongo pale, karani aliuliza "mnaishi wangapi hapa bibi", na bibi akahesabu kwa macho wale waliokaa sebuleni basi. Mi nikanyamaza maana mtoto hamkatizi mkubwa anapoongea na mgeni. Baadae tukatangaziwa Watanzania tuko 44,928,923, na mpaka leo nikiiona ile tatu ya mwisho namkumbuka mjomba.

Kwa hiyo anza na swali lenyewe, yaani jinsi unavyouliza. Sensa yetu haiulizi nani anaishi hapa. Inauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa, na 2022 ulikuwa usiku wa Jumatatu tarehe 22 Agosti kuamkia Jumanne tarehe 23. Hata ukimfikia mtu Ijumaa bado unamuuliza usiku ule ule. Wenzetu Kenya 2019 walitumia mtindo huo huo, usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Ukiuliza "mnaishi wangapi" mtu anakujibu kuhusu familia yake, anamhesabu kijana wake aliyeko bweni Tabora na anamuacha shemeji aliyelala kwenye kochi jana yake. Yule wa bweni atahesabiwa shuleni, kwa hiyo umemhesabu mara mbili, na shemeji amepotea kabisa maana huko alikotoka wanasema amesafiri.

Sema ukishajua hiyo kanuni kuna watu bado watakusumbua. Mlinzi wa usiku, nesi wa zamu, mvuvi aliyekuwa baharini usiku ule akarudi asubuhi, hawa hawakulala popote kwa maana ya kulala, wanaandikwa kwenye kaya zao. Mtoto aliyezaliwa saa tano usiku anahesabiwa, aliyezaliwa saa saba usiku hahesabiwi. Mzee aliyefariki alfajiri ya siku ya sensa anahesabiwa, maana usiku wa manane alikuwa hai. Hii ya mwisho ni ngumu kuuliza kwenye nyumba yenye turubai la msiba nje, nilikutana nayo moja. Pale usiingie na kishikwambi, ingia kama mtu aliyekuja kutoa pole, kaa kidogo, alafu muombe mtu mzima mmoja mkae pembeni, na kama hawako tayari rudi kesho yake.

Kabla ya siku yenyewe

Tembea eneo lako lote kwa miguu na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, mchana na usiku. Watu wengi wanatembea mchana tu. Usiku ndo unaona taa kwenye pagala ambalo mchana ulijua ni nyumba isiyoisha, unaona vijana wanne wanajifungia ndani ya fremu ya duka kulala, unaona moto wa mama ntilie nyuma ya saiti ya ujenzi na kumbe analala hapo hapo na watoto. Ramani uliyopewa inaonyesha paa, haikuonyeshi nani yuko chini ya paa. Mwenyekiti wa mtaa anajua sana wenye nyumba, wapangaji hawajui kivile, kwa hiyo tafuta na watu wengine wanaojua mtaa: muuza maji, mama wa genge, bodaboda wa kijiwe cha jirani. Mi muuza maji alinionyesha vyumba vitatu nyuma ya banda la kuku ambavyo mjumbe mwenyewe hakuwa na habari navyo.

Mipaka nayo ishike kwa vitu ambavyo havihami. Nilikuwa na mpaka unaopita kwenye mfereji, upande mmoja wangu upande mwingine wa karani mwenzangu, na kuna nyumba imejengwa juu ya mfereji kabisa. Kila mmoja akadhani ni ya mwenzie. Tuligundua siku ya tano kwa sababu baba mwenye nyumba alikuja kutuuliza mbona sisi hatujahesabiwa. Kaeni na jirani zenu wa maeneo mapema, mtembee mpaka wote pamoja, nyumba kwa nyumba, mkubaliane hii yako hii yangu.

Na ujue tofauti ya nyumba na kaya. Nyumba moja ya uswahilini yenye korido katikati inaweza kuwa na kaya nane. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, kwa hiyo kijana mpangaji anayepika mwenyewe kwenye jiko lake la mchina ni kaya, hata kama chumba chake kimepakana na mwenye nyumba. Mwanaume mwenye wake wawili kila mmoja na nyumba yake anaandikwa kule alikolala usiku ule, na kule kwingine mke ndo anaandikwa mkuu wa kaya. Hili liulize kwa heshima, usilifanye kama umefumania mtu.

Mlangoni

Nitaeleza kwa mfano maana hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Umefika umekaribishwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu ukae."

"Ahsante mama. Tunataka tuwaandike wote waliolala hapa usiku wa kuamkia Jumanne. Tuanze na wewe mwenyewe, au baba?"

Anataja baba, anajitaja, anataja watoto watatu, anasema basi. Makarani wengi wanaanza dodoso hapo hapo. Usianze. Uliza tena, polepole, kitu kimoja kimoja:

"Kuna mtoto mchanga mama, hata wa siku mbili?" Utashangaa vichanga wanavyosahaulika, mama anaona huyu hana hata jina bado, wa kuandikwa nini. Tena si kwetu tu. Marekani walipojipima wenyewe baada ya sensa yao ya 2020 walikuta wamekosa zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano, nchi yenye fomu za posta na intaneti kila kona.

"Dada wa kazi mnaye?" Huyu anasahaulika akiwa amesimama pale pale anakuletea maji ya kunywa. Akishatajwa usikubali umri wa kukadiriwa na bosi wake, muulize mwenyewe anatoka wapi na amesoma mpaka darasa la ngapi. Kuna binti niliandikiwa ana miaka 19, nilipomuuliza mwenyewe akasema alimaliza la saba mwaka juzi. Majibu yake yaandike kama alivyosema. Wewe siyo polisi na usimtie hofu yeye wala mama mwenye nyumba, ila yeye naye ni mtu wa hesabu hii kwa haki yake.

"Kuna mgeni alilala? Kuna kijana analala dukani ila anakula hapa? Kuna mtu alikuwa kazini usiku?" Alafu lile la mwisho ambalo mi nilikuwa naliuliza nimeshusha kishikwambi mapajani, namuangalia mtu usoni: "Kuna mtu yuko ndani amelala, mgonjwa, mzee, au anayeshindwa kutoka nje?" Ukishauliza nyamaza. Usijaze ukimya. Kwenye nyumba kama nne hivi za eneo langu jibu lilikuja baada ya ukimya mrefu, nyumba moja mama aliinamisha kichwa akasema yupo mwanangu mmoja, akanipeleka chumba cha nyuma. Kijana wa miaka 14, hajawahi kwenda shule hata siku moja, hana hata cheti cha kuzaliwa. Ile siku jina lake liliandikwa na serikali mara ya kwanza.

Hapa pia usiseme "kuna mlemavu humu". Dodoso lenyewe la 2022 liliuliza kwa shida ya mtu katika kufanya vitu: anapata shida kuona hata akivaa miwani, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia. Soma maswali kama yalivyoandikwa maana yametengenezwa hivyo makusudi, mtu anayeona aibu na neno ulemavu atakujibu bila shida kwamba ndio, kutembea anapata shida sana. Na watu wengine wanafichika kwa sababu fomu yenyewe haina nafasi yao, Kenya 2019 waliweka chaguo la huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsi zote mbili, pembeni ya mwanamume na mwanamke, wakajiandikisha 1,524. Mi naamini walikuwepo siku zote, ni swali ndo halikuwepo.

Mtu akigoma

Anayegoma mara nyingi ana hofu, na hofu zinatofautiana kwa hiyo usiwe na jibu moja la kukariri. Mwenye nyumba ya wapangaji anaogopa kodi ya pango. Mtu aliyetoka nchi jirani anaogopa uhamiaji. Mwenye mifugo anaona ukijua ng'ombe wake ni wangapi kesho utakuja na risiti. Wote hawa waeleze ukweli: taarifa za mtu mmoja mmoja ni siri kwa Sheria ya Takwimu, karani ameapa kiapo, na kinachotoka ni jumla tu ya watu. Alafu heshimu hicho kiapo kweli, maana kama jana ulikaa kijiweni ukasimulia kwamba nyumba ya fulani wana friji mbili, leo hakuna atakayekufungulia na watakuwa sahihi kabisa.

Kuna wazee hawapendi kuhesabu watoto kwa namba, wanaona ni kuwaitia balaa. Usibishane nao na usiwacheke. Usiulize "una watoto wangapi", muombe akutajie majina, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, wewe utahesabu kimya kimya kwenye kishikwambi. Bibi mmoja alinitajia wajukuu tisa kwa furaha kabisa na dakika tano nyuma alikuwa amekataa kunipa namba.

Na wapo wanaogoma kwa msimamo. 2012 baadhi ya waislamu waligoma kwa sababu dodoso halikuwa na swali la dini, suala hilo liliwaumiza watu kweli na kuna maeneo hesabu ilikwama. Dini na kabila mara ya mwisho kuulizwa kwenye sensa ya Tanzania ni 1967. Ukikutana na mtu wa namna hiyo usijifanye mwanasiasa, msikilize mpaka amalize, mueleze kwamba dodoso hujalitunga wewe, alafu mrudie na mtu anayemheshimu, awe imamu, mzee wa mtaa, au mjumbe. Mi niligundua mtu akishasikilizwa mpaka mwisho nusu ya ugomvi inaisha yenyewe.

Mageti makubwa ni shida nyingine na watu hawaisemi sana. Tunahangaika na uswahilini lakini uswahilini mtu unampata, kwenye mageti unaongea na mlinzi siku tatu mfululizo, anasema bosi katoka. Msimamizi wangu alinifundisha kitu kizuri: mhesabu mlinzi kwanza kama ndo analala pale, na mfanyakazi wa bustani, na dada wa ndani, hao ni watu tayari. Alafu acha namba ya simu na ulizia saa ambayo bosi anapatikana, nenda saa hiyo hiyo hata kama ni saa mbili usiku. Usikubali mlinzi akujazie familia ya bosi kwa kukisia.

Umri utakusumbua. Ukimuuliza bibi ana miaka mingapi atakwambia sabini, na babu themanini, wote namba za duara, na karani mvivu anaandika hivyo hivyo mpaka inaonekana nchi nzima ilizaliwa kwenye miaka inayoishia na sifuri na tano. Tumia matukio. Uhuru 1961 ulikuwa umeanza shule? Azimio la Arusha 1967 ulikuwa umeolewa? Vita vya Kagera, kufariki kwa Sokoine Aprili 1984, MV Bukoba Mei 1996, mvua za El Nino, msiba wa Mwalimu Oktoba 1999. Bibi mmoja aliniambia Azimio la Arusha linatangazwa redioni alikuwa ananyonyesha mtoto wake wa kwanza, na aliolewa mara tu baada ya kuvunja ungo, tukakaa pale tukapiga hesabu mimi na yeye tukapata kama miaka 73, na yeye alikuwa ameanza na 90. Ilichukua robo saa na nilifurahia kila dakika yake.

Kuhusu wasio na makazi, stendi, gesti, hospitali, mahabusu, kambi za wavuvi, hawa wana utaratibu wao, wanahesabiwa usiku ule ule kabla hawajatawanyika, kawaida kwa timu maalum. Kama umepangiwa huko nenda na mtu wanayemjua, wale vijana wanaolala kwenye mabaraza ya maduka wakiona tochi na watu wenye vikoti wanajua ni msako wanakimbia. Na wavuvi wanaokwenda dago, yaani wanaohama na boti zao kufuata samaki, wanaweza kukaa miezi pwani nyingine kabisa, kwa hiyo uliza mapema mwenyekiti wa soko la samaki boti zipi zimehama na zimeelekea wapi.

Usione kukosa watu ni aibu ya nchi maskini tu. Afrika Kusini walihesabu 2022 kama sisi, na utafiti wao wa kujikagua ukaonyesha watu kama 31 katika kila 100 hawakufikiwa, ikabidi hesabu irekebishwe. Na jirani zetu Kongo sensa yao ya mwisho ni ya 1984, yaani mtu mwenye miaka 40 Bukavu au Lubumbashi hajawahi kuhesabiwa na nchi yake hata mara moja. Sisi tulipata 61,741,120 na mi naipenda ile namba kwa sababu najua jasho lililomo, ila namba ya namna hii ndo inasema kata ipate vituo vya afya vingapi, madawati mangapi, chanjo ngapi, kwa hiyo ukimruka mtoto wa uani leo umemnyima na chanjo yake.

Vitu vidogo: powabenki iwe imejaa kila asubuhi, maji, kofia, viatu ulivyovizoea na siyo vipya, daftari dogo la karatasi. Daftari ndo kila kitu. Kila mlango uliofungwa uandike, na saa uliyogonga, na alichokwambia jirani. Usigonge saa ile ile mara tatu ukaandika hawapo, badilisha: alfajiri kabla ya daladala za kwanza, mchana, usiku. Jumapili jioni watu wengi wapo.

Siku yangu ya mwisho daftari lilikuwa limebaki na mistari mitatu. Nyumba mbili niliwapata asubuhi. Ya tatu ilikuwa pagala karibu na mfereji, nimeshapita mara nne mchana hamna mtu, ila usiku mmoja niliona moshi wa kuni unatoka dirishani. Nikaenda saa mbili usiku na mjumbe, tukapiga hodi kwa mbali ili tusiwatishe. Akatoka mama kijana na watoto wawili wamemshika khanga. Nikamuuliza usiku wa kuamkia Jumanne walilala wapi, akasema tuko hapa toka mwezi wa tatu kaka, mchana tunashinda sokoni. Nikaandika watatu. Alafu nikamuuliza na lile la kichanga, akageuka kidogo kwenye mwanga wa tochi, nikaona yuko mwingine mgongoni, amelala.